Loredana Zanchetta, Aliyepima Kazi Nzito

Ijumaa ya tarehe 29 Novemba 2024, siku tatu baada ya kusagwa muwa wa mwisho wa msimu, Loredana Zanchetta atavua koti lake jeupe la maabara na kwenda nyumbani moja kwa moja. Atakuwa amekitumikia Kiwanda cha Sukari cha Wirrabel kwa miaka arobaini na mitatu, miezi mitano na siku kumi na nne. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike wasifu wake, kwa sababu nilikuwa karani wa mishahara hapa kwa miaka thelathini na mitatu na, kwa maneno yake, "wewe Desmond unamjua kwa tarakimu." Namjua kwa zaidi ya hizo.

Alizaliwa Loredana Pegoraro, mtoto wa tatu wa mzee Attilio, mkulima wa miwa wa ng'ambo ya mto. Alianza kazi Jumatatu ya tarehe 15 Juni 1981, akiwa na miaka ishirini, viatu vipya na cheti cha kemia. Wakati ule majivu ya miwa iliyochomwa yalikuwa yakidondoka mjini kama manyoya meusi, na mama yeyote aliyeanika shuka siku ya moto alijua amejitakia. King'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha, ndicho kilichotupa chakula cha mchana. Siku hizi hakuna anayechoma, na king'ora kimewekwa kwenye jumba la kumbukumbu. Sisi wazee tunaamka wenyewe, mapema mno, bila sababu.

Mkulima hulipwa kwa uzito wa miwa yake na kwa utamu wake, na utamu hupimwa maabara. Wiki ya sita ya kazi yake, zikaja sampuli za mabehewa ya baba yake. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, na miwa ya mzee Pegoraro ilikuwa imejaa maji kuliko sukari. Loredana akapima, akarudia, akaandika alichokiona. Jumapili, mezani, mzee akamwuliza:

"Lore, aliyepima miwa yangu Jumanne ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Na jina hukuliona?"

"Jina nililiona. Sukari ndiyo sikuiona."

Mzee hakumsemesha kwa Jumapili mbili. Ya tatu akamsukumia bakuli la tambi kabla ya kaka zake wote, na katika nyumba ile hiyo ni hotuba nzima.

Aliyemfundisha kazi ni Merle Santo, mjukuu wa watu walioletwa kutoka visiwani kukata miwa ya bonde hili. Merle alikuwa maabara tangu 1966. Alikuwa mfupi, mpana, na kicheko chake kilisikika juu ya kelele za mashine. Siku ya kwanza alimkabidhi Loredana ndoo mbili tupu na kumwonyesha ngazi. Kila nusu saa mtu wa maabara alishuka kwenye mashine za kusagia, akajaza ndoo maji ya miwa, moto, yanayonata, kisha akapanda nazo ngazi sitini na moja. Kulikuwa pia na makopo ya molasi kutoka upande wa pili wa jengo.

"Binti," Merle alimwambia, "pumzi usiipoteze kwa kulalamika ngazini. Lalamika ukifika juu. Huko kuna upepo."

Walikuwa wanawake saba. Walikunywa chai saa nne, na yeyote aliyechelewa alikuta vikeki vya nazi vimekwisha. Mwaka ule ambao chura mkubwa aliingia kwenye friji ya sampuli, ni Loredana aliyemtoa kwa koleo na kumwandikia kwenye daftari: "Sampuli namba 212: si muwa."

Dario Zanchetta alikuwa mwendesha boila. Maji ya boila hupimwa mara moja kwa zamu, basi. Mwaka 1983 Dario aliyaleta maabara mara tatu, mara nne kwa zamu, nywele zimechanwa, chupa imefutwa. Merle akamwambia mbele ya watu wote, "Kijana, maji yako hayana ugonjwa. Ugonjwa unao wewe. Mwulize basi, ama uache kutumalizia dawa." Walioana Februari iliyofuata, kabla ya msimu.

Sasa nifike mwaka 1994, kwa kuwa bila mwaka huo wasifu huu ungekuwa wa mtu mwingine.

Mwezi Agosti, Ross Kettle, mchukua sampuli wa uwanjani kunakoshushwa miwa, aliumia mgongo. Daktari akaagiza apewe kazi nyepesi. Uongozi ukafikiri, ukampeleka maabara. Alikuwa mtu mwema, mpole, na kwa kuwa hakuweza kuinama, Merle na wenzake walimbebea ndoo zake juu ya zao. Wiki ya pili, saa ya chai, Ross akiwa na karatasi yake ya mshahara mkononi, akasema kwa mshangao wa kweli:

"Kumbe hawajanikata ile posho ya kazi nzito."

Merle akaweka kikombe chake chini.

"Posho gani?" Loredana akauliza.

"Ya kazi nzito. Si tunapata wote?" Akawatazama mmoja mmoja. Uso ukamwiva. "Ina maana mimi nimeletwa huku kupumzika, nyinyi ndio mnanibebea ndoo, na bado nawazidi?"

"Kula keki yako, Ross," Merle akasema. "Kosa si lako."

Saa tano Loredana alikuja kwenye dirisha langu. Nakumbuka alikuwa na tone la molasi kwenye kidevu.

"Desmond, hii posho ya kazi nzito anapewa nani?"

"Wanaonyanyua."

"Na mimi nanyanyua nini, maua?"

Nikamwambia sina ruhusa ya kuzungumzia viwango. Hilo lilikuwa kweli. Lakini lazima niandike na kweli nyingine, kwa sababu wasifu usiotaja haya ni tangazo la biashara tu. Nilijua. Nilijua kwamba wanaume wa uwanjani waliochukua sampuli waliitwa "wapimaji", na wanawake waliochukua sampuli ndani waliitwa "wasaidizi", na kwamba kati ya majina hayo mawili palikuwa na daraja zima la mshahara, na posho juu yake. Sheria ya nchi ilikuwa imekataza zamani mwanamke kulipwa kidogo kwa kazi ileile. Hapa kwetu kazi ileile ilipewa majina mawili, basi, sheria ikapita mlangoni bila kuingia. Kila wiki mbili kwa miaka kumi na mmoja niliyaandika majina yale, kisha nikafunga daftari na kwenda kunywa chai.

Akaenda kwa meneja, Bwana Prowse. Huyo hakuwa katili; alikuwa mtu wa kupenda ushahidi, hasa pale alipoamini haupo. Alimwambia kazi ya maabara ni ya mikono safi, na kama anadhani ni nzito, alete vipimo.

Kumwambia Loredana alete vipimo!

Merle alileta mizani ya bafuni kutoka kwake, ya rangi ya waridi. Kwa siku saba kila ndoo ilisimamishwa juu yake kabla ya kupanda. Walipima pia mizigo ya wanaume wa ghala, ambao walikuwa na mashine ya kunyanyulia na walipata posho. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, naye mtu wa uwanjani, aliwasihi waliache suala hilo mpaka baada ya msimu. Merle akamwuliza, msimu wa mwaka gani.

Habari ikafika klabuni kwa wanaume wa kiwanda. Dario hakupata amani. "Dario, leo umepikiwa au umepimiwa?" "Dario, mkeo amekukuta na kilo ngapi?" Asubuhi moja alikuta aproni ya jikoni, yenye maua, imefungwa kwenye mshikio wa boila lake. Alirudi nyumbani, akaiweka mezani kati ya kikombe chake na cha mkewe.

"Lore, mimi nasubiri ukubwa wa zamu. Unajua. Watanipita."

"Najua."

"Basi liache. Nakuomba. Tuna nyumba haijaezekwa."

"Mabati nusu umenunua wewe, nusu mimi. Ningelipwa sawasawa, tungekuwa ndani tangu mwaka juzi."

Dario akasema neno ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe kwangu, anatamani angelimeza: "Ndoo ni ndoo tu, mama. Si chuma."

Loredana akainuka. Alikunja aproni vizuri, akaiweka kwenye droo pamoja na nyingine, akaenda kazini. Siku mbili hawakusemezana ila kuhusu watoto.

Siku ya tatu ilikuwa ya mapumziko ya Dario. Saa kumi na mbili asubuhi alitokea maabara, ndevu hazijanyolewa, akachukua ndoo mbili za mkewe bila salamu. Alizibeba zamu nzima. Mara ya tano alianza kusimama kwenye ngazi ya thelathini. Mara ya tisa Merle alimpita akiwa na ndoo zake, akamwambia, "Lalamika ukifika juu, mwanangu." Alipofika nyumbani alilala chali sakafuni jikoni, na watoto wakamzunguka wakidhani ni mchezo. Jumamosi aliingia klabuni kwa miguu yake mwenyewe, akasimama katikati.

"Anayesema ile kazi ni nyepesi aje kesho saa kumi na mbili. Ndoo zipo. Mimi nitakaa nihesabu."

Hakuna aliyekuja. Lakini hakuna aliyetania tena pia.

Vipimo vilionyesha zaidi ya kilo mia tano na arobaini kwa kila mwanamke kwa zamu, kupanda ngazi. Watu wa ghala, kwa mikono, hawakufika mia mbili. Bwana Prowse alisoma kurasa zote. Akavua miwani.

"Sibishi namba hizi. Lakini nyinyi hamkuajiriwa kunyanyua, mama. Mliajiriwa kupima. Kunyanyua mmejitolea wenyewe."

"Tumejitolea," Loredana akasema.

"Kwa maneno mengine, ndiyo."

"Asante, Bwana Prowse. Sasa nimeelewa."

Jumatatu ya tarehe 12 Septemba wanawake saba walifika kazini kwa wakati, wakavaa makoti, wakasafisha vioo, wakakaa kwenye meza zao tayari kupima. Hawakunyanyua kitu. Ndoo zilikaa chini. Kufikia saa tatu, wachemshaji wa sukari, wakikosa vipimo, walikuwa wanafanya kazi kwa kubahatisha. Kufikia saa nne, wanaume wanne wa ghala waliamriwa kubeba. Saa sita mmoja wao alikuwa ameketi ngazini akiuliza kama hii ndiyo ile kazi nyepesi ya Ross. Jumanne walibaki wawili. Jumatano mashine zilisimama, na treni za miwa zikapanga foleni hadi darajani.

Muwa uliokatwa hausubiri. Unachacha. Katika mabehewa yale kulikuwa na miwa ya nusu ya bonde, na mabehewa kumi na mawili yalikuwa ya mzee Attilio Pegoraro, wakati huo ana miaka sabini na miwili. Alikuja na gari lake la kubebea vifaa, akamkuta bintiye chini ya ngazi za maabara.

"Lore. Miwa yangu inaoza."

"Najua, baba. Nimeisikia harufu yake tangu asubuhi."

"Wakulima wananiambia nikuamuru."

"Na wewe unasemaje?"

Mimi nilikuwa dirishani, nikasikia yote. Mzee alitazama ngazi, kisha ndoo, kisha mikono ya bintiye. Akashika ndoo moja iliyojaa, iliyoachwa na watu wa ghala, akainyanyua kidogo, akairudisha chini taratibu. Alipanda kwenda ofisini kwa meneja, na kwa kuwa alikuwa haisikii vizuri sauti yake mwenyewe, sisi wote tuliisikia.

"Bwana Prowse! Huyu aliniambia mimi, baba yake, kwamba miwa yangu haina sukari, kwa sababu kipimo kilisema hivyo. Ilinigharimu. Nikanyamaza. Wewe kipimo kimekuambia nini? Na kwa nini hunyamazi?"

Mkataba uliandikwa Alhamisi. Majina mawili yakawa moja: mpimaji wa sampuli. Daraja likawa moja. Posho ya kazi nzito ikawa ya kila anayebeba. Mashine ziliwaka saa nane mchana, na Ross Kettle, mgongo wake na yote, alisimama na kupiga makofi peke yake hadi wengine wakajiunga.

Ila mkataba haukurudi nyuma hata siku moja. Merle alistaafu Ijumaa ya tarehe 2 Desemba mwaka uleule. Kati ya miaka yake ishirini na minane ya kupanda ngazi, alilipwa sawasawa kwa wiki kumi na moja, na pensheni yake ilitokana na ile miaka mingine. Alilicheka hilo kwa sauti yake yote. "Wiki kumi na moja! Nitanunua friji, kisha kila asubuhi nifungue mlango nitafute hiyo miaka mingine wameiweka wapi." Loredana hakucheka. Aliandika barua mbili kwa makao makuu, akadai haki ya Merle kwa mwaka na kwa ndoo. Zote zilijibiwa kwa heshima na zote zilikataliwa. Merle alifariki 2007 katika nyumba yake ndogo kando ya reli. Ukimwuliza Loredana leo kama ameshalisamehe hilo, atakuambia hajalisamehe, na atakupa chai.

Kwenye sherehe ya kufunga msimu ule nilimwendea, bia mkononi, kumwambia kwamba nilijua muda wote. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu. Hakunisubiri nimalize.

"Desmond, nilijua kwamba unajua. Ndiyo maana nilianzia dirishani kwako. Nilitaka kukupa nafasi uwe wa kwanza kusema."

Sijawahi kuadhibiwa kwa upole namna hiyo. Tangu mwaka uliofuata, kila karatasi ya viwango ilipobadilika, nilimpelekea mwenyewe kabla hajauliza.

Yaliyofuata mnayajua wengi. Mwaka 2001 akawa msimamizi wa maabara, mwanamke wa kwanza kusimamia idara yoyote hapa. Dario alipata ukubwa wa zamu, kwa kuchelewa miaka miwili, na nyumba iliezekwa. Mwaka 2006, baada ya kimbunga kung'oa paa la maabara, Loredana alipima sampuli chini ya turubai kwa wiki tisa. Aliwafundisha wapimaji thelathini na wanane. Mabomba yanayoleta sampuli juu yenyewe yalifungwa 2012, na siku ya uzinduzi alisema magoti yake yangependa kumjua mhandisi aliyechelewa hivyo.

Makampuni yalipotakiwa kuchapisha pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake, letu lilionekana kuwa asilimia kumi na moja. Kwenye kamati, mtu mmoja alipendekeza taarifa iseme pengo hilo "linatokana na historia". Loredana akauliza historia hiyo inakaa ofisi gani, aende akaonane nayo. Aliipata karakanani: kwa miaka sitini hatukuwahi kumchukua msichana kujifunza ufundi, na mafundi ndio wanaolipwa vizuri. Akaenda shule ya sekondari ya mji na spana mkononi. Leo karakana ina mafundi watatu wanawake, na treni moja inaendeshwa na binti kutoka mji wa Innisfail asiyependa kuongelewa. Pengo limeshuka hadi sita. Tulipompongeza alisema sita si sifuri, akaendelea kufuta hadubini.

Uongozi ulimtaka achague zawadi ya kuagwa: saa ya ukutani au fimbo ya kuvulia samaki. Akasema saa anayo, na samaki ni shughuli ya Dario. Akaomba kitu kingine: orodha ya viwango vya mishahara ya kila kazi kiwandani, ya mameneja ikiwemo, ibandikwe kwenye chumba cha chai na isitolewe. Meneja wetu mkuu aliomba siku mbili za kufikiri. Alizichukua zote mbili.

Orodha ilibandikwa Jumatano asubuhi. Nilikuja kuiona ingawa mimi si mfanyakazi tena. Watu walisimama na vikombe vyao wakisoma mpaka chai ikapoa. Tayla, fundi mwenye miaka ishirini na miwili, alisukuma watu akafika mbele. Aliweka kidole kwenye mstari wake, akakishusha hadi kwenye mstari wa kijana aliyeanza naye siku moja. Akasoma mara mbili. Kisha akasema, "Sawasawa," akachukua spana yake, akaenda kazini.

Loredana, kiwanda hiki kinakushukuru, na karani wake mzee anakushukuru zaidi. Pumzika, dada yetu, kwa afya na furaha, wewe na Dario, na miaka iliyo mbele iwe mirefu, yenye baraka, na isiyo na ngazi.

Desmond Askew